KUCHAGUA MATAIRI YA GARI NDOGO

Wanachama wengi sasa wana gari ndogo, na gari hizo hazipumziki: hupeleka watoto skuli na wagonjwa hospitali, na msimu ukiwadia hubeba hata magunia ya karafuu. Yote hayo yasimama juu ya matairi manne, na kila moja lagusa njia kwa mahali kadiri ya kiganja tu. Kwa hiyo twaona yafaa kuwaeleza wenzetu mambo ya kutazama kabla ya kutoa fedha.

Kwanza ni kipimo. Kimeandikwa ubavuni, kwa mfano 175/65 R14 82T. 175 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. 14 ni ukubwa wa ringi kwa inchi. 82 ni namba ya uzito: tairi hilo huchukua kilo 475, basi. Msinunue lenye namba iliyo chini ya ile iliyowekwa na watengenezaji wa gari. Kulijaza upepo mwingi hakuliongezei nguvu.

Pili ni umri, na hapa ndipo wengi wadanganyikapo. Tairi lililokwisha kutumiwa ng'ambo huja jeusi, linang'aa, na bei yake nafuu. Lakini mpira huzeeka hata tairi likiwa limelala dukani. Tafuteni herufi DOT. Namba 4 za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa wa magari washauri tairi libadilishwe likitimia miaka 6, hata kama halijalika. Karafuu hatuzipimi kwa kutazama juu ya gunia. Tairi nalo ni vivyo hivyo. Likipasuka mteremkoni, unafuu wa bei haumrudishi aliyekuwamo.

Tatu ni mifereji, itoayo maji chini ya tairi wakati wa masika. Ndani yake mna vituta vidogo vya milimita 1.6. Mpira ukilingana navyo, tairi limekwisha.

Mwenye fedha za mawili tu na ayatie nyuma, yote ya kipimo na aina moja. Wengi huyatia mbele, lakini gari ikiteleza nyuma huzunguka, na si rahisi dereva kuirudisha.

Mwisho, upepo upimwe asubuhi kabla gari haijatembea, kwa kadiri iliyoandikwa penye mlango wa dereva.