Fahamu: Granzaimu na ndigana kali ya ng'ombe

Granzaimu ni vimeng'enya vya kukata protini, vinavyobebwa na seli uaji za kinga. Huko Bariadi, penye ng'ombe wengi, mfano wa karibu wa kazi ya granzaimu ni ugonjwa wa ndigana kali. Kupe humwambukiza ndama vimelea vya Theileria parva, navyo huzifanya seli nyeupe za damu zizaliane ovyo, karibu kama saratani. Tezi ya chini ya sikio huvimba. Seli uaji huitoboa seli yenye vimelea kwa protini iitwayo perforini, kisha granzaimu B huingia na kuifanya ijiue. Maabara zimeonyesha kuwa granzaimu B ikizuiwa, uuaji huo hudorora. Chanjo ya Muguga dhidi ya ugonjwa huu, yaani vimelea hai vinavyodungwa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, huziandaa seli hizohizo. Lakini granzaimu zikizagaa nje ya seli, huweza kudhuru tishu, mathalani kwa binadamu wenye baridi yabisi.