Chai ya Kukata Tumbo Haitibu Unene wa Kijana

Tiba ya kikundi kwa vijana wenye unene uliokithiri ni vikao vya mfululizo ambamo watu wa rika moja, aghalabu wasiozidi kumi na wawili, hujifunza kubadili ulaji, mazoezi na usingizi wakiwa na msimamizi. Kikao si mhadhara, wala si mahali pa kupimana kilo hadharani. Kila mmoja huja na daftari la alichokula wiki nzima, husema aliteleza wapi, na wenzake humsaidia kutafuta njia: soda ya mapumziko iachwe vipi, anayeitwa "bonge" darasani ajibu nini.

Wazazi wa Chanika, jijini Dar es Salaam, kama wa Kinondoni na Temeke, huuliza jingine kabisa: anywe nini tumbo likatike? Hakuna kinywaji hicho. Chai nyingi za kupunguza uzito zina sena, dawa ya kuharisha. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili mwaka 1983: watu waliharishwa lita kadhaa, lakini nishati iliyozuiwa kuingia mwilini ilikuwa takriban asilimia 12 tu. Kinachoshusha mizani ni maji, yanayorudi mtu akinywa; pamoja nayo hutoka potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Maji moto yenye ndimu hayadhuru, ila hayayeyushi kitu. Mafuta ya mwilini si masizi ya sufuria. Hatari zaidi ni pakiti za "mitishamba" zilizotiwa kwa siri sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Mzazi asiyethubutu kumpa mwanawe kidonge asichokijua humpa chai ya pakiti hizo asubuhi na jioni, eti ni ya asili.

Kinachotibu ni saa. Jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa la Marekani linataka angalau saa 26 za vikao ndani ya mwaka: kwa mfano, saa moja na nusu kila Jumamosi kwa wiki 18. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2017 kuhusu vijana wa miaka 12 hadi 17 yalikuta waliobadilishiwa mwenendo wakiwa na uzito pungufu kwa wastani wa kilo 3.7 kuliko wenzao. Si muujiza, lakini ni kilo za kweli.

Wala hahitajiki bingwa kutoka nje. Moshi, mpango wa Sauti ya Vijana kwa vijana wanaoishi na VVU uliendeshwa na vijana waliofunzwa: vikao kumi vya kikundi, viwili vikiwa pamoja na walezi.

Chanika kinatosha chumba cha zahanati au darasa tupu, afisa lishe wa halmashauri, kijana mkubwa aliyefunzwa, na mzazi anayepika, atakayehudhuria baadhi ya vikao. Kabla ya kujiunga, anayekoroma na kukatika pumzi, mwenye kiu na mkojo wa mara kwa mara, au mwenye ngozi nyeusi na nene shingoni apelekwe kwanza kwa daktari, apimwe sukari na shinikizo la damu.