Kauri ya Mombasa na Fahari za Mataifa

Nyumba za kale za mawe za Waswahili zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, ambamo vyombo vya thamani viliwekwa ili vionekane na wageni. Miongoni mwa vyombo hivyo, vilivyotukuzwa mno ni sahani na mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Vyombo vya aina hiyo vilipachikwa pia katika mihirabu ya misikiti na katika makaburi ya watu wenye jaha. Leo mtu azuruye makumbusho yaliyomo Ngome ya Yesu, pembezoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, huviona vikiwa vimehifadhiwa pamoja na vigae vyake. Kuwepo kwa kauri hiyo hakuna anayekubishia. Kinachobishaniwa ni ushahidi inaoutoa: ni ushahidi wa nani kumfikia nani? Makala haya yanakusudia kubainisha jinsi fahari ya taifa, ile ya Uchina na ya mataifa mengine, Kenya ikiwemo, ilivyokibebesha kigae maneno kisiyoweza kuyasema, na jinsi mabaharia na wafanyabiashara waliokileta kigae hicho walivyosahauliwa.

Simulizi lenye nguvu zaidi ni lile la amiri wa bahari Zheng He. Mwislamu huyu wa jimbo la Yunnan aliongoza safari saba za merikebu za dola ya Ming kati ya mwaka 1405 na 1433, na safari ya kwanza peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 27,000. Baadhi ya merikebu hizo zilifika Afrika Mashariki, hasa katika safari ya tano ya mwaka 1417 hadi 1419. Mwaka 2005 Uchina iliadhimisha miaka 600 ya safari hizo, na tangu hapo jina la Zheng He limekuwa halikosekani katika hotuba za urafiki wa Uchina na Afrika. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa na kampuni ya Kichina na kuzinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ilizidi kulipa simulizi hilo nafasi. Muundo wake ni mmoja: Vasco da Gama alikuja mwaka 1498, na waliomfuata wakaichoma Mombasa mwaka 1505 na tena 1528, Zheng He alikuja kabla yao kwa amani, akatoa hariri, akaondoka.

Tofauti hiyo ina ukweli wake. Wachina hawakujenga ngome Mombasa, na Wareno waliijenga. Hata hivyo, amani hiyo inapotajwa kuwa tabia ya taifa zima, historia huwa imekwisha kugeuzwa kuwa sifa. Mwaka 1407 merikebu hizo hizo zilipigana karibu na Palembang, huko Sumatra, na kiongozi wa maharamia Wachina wa huko, Chen Zuyi, akachukuliwa hadi Nanjing akauawa. Mwaka 1411 jeshi la Zheng He lilimteka mtawala mmoja wa Sri Lanka pamoja na jamaa zake, wakapelekwa mbele ya mfalme Yongle. Merikebu zilizobeba askari kwa maelfu hazikuwa msafara wa wachuuzi. Pwani ya Waswahili ilikuwa ncha ya mbali ya safari hizo, na yamkini umbali huo ndio ulioiepushia mengi kuliko huruma ya mtu yeyote.

Kisa cha twiga kinaonyesha vizuri zaidi namna upendeleo unavyoingia katika kumbukumbu zenyewe. Kumbukumbu za Ming zinaeleza kwamba mwaka 1415 wajumbe wa nchi ya Malin, ambayo wengi huichukulia kuwa ni Malindi, walimpelekea mfalme twiga. Wasomi wa baraza la mfalme walimfananisha mnyama huyo na qilin, kiumbe wa ngano ambaye hutokea pale mtawala anapokuwa mwadilifu. Tena waliandika kwamba twiga huyo alikuwa ni ushuru wa utii. Hiyo ndiyo lugha ambayo baraza hilo lilitumia karibu kwa kila kitu kilicholetwa na wageni, kwani katika itikadi yake hapakuwa na mgeni aliye sawa na mfalme. Watu wa Malindi hawakuacha maandishi yanayoeleza walimwitaje mnyama yule walipomtoa. Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, maana lugha yake inalo neno lililopitia mkasa unaofanana na huo. Hongo, katika misafara ya bara ya karne ya 19, ilikuwa ni mali iliyotolewa kwa mtawala wa nchi ili msafara upite salama. Kwa mwenye nchi hiyo ilikuwa haki yake. Kwa wasafiri wengi wa Kizungu ilikuwa unyang'anyi. Leo neno hilo linamaanisha rushwa. Basi anayesoma neno "ushuru" katika kitabu cha Nanjing na kuamini kwamba Malindi ilikuwa chini ya himaya ya Uchina amelisoma neno kwa jicho la mpokeaji tu.

Turudi kwenye kauri. Katika uchimbaji wa Manda na Shanga, miji ya visiwa vya Lamu, vigae vya Kichina vimepatikana katika tabaka za karne ya 9, yapata miaka 500 kabla ya Zheng He kuzaliwa. Kisiwani Mombasa, uchimbaji wa Hamo Sassoon katika miaka ya 1970 kwenye uwanja wa hospitali kuu ya Pwani, kaskazini ya Mji wa Kale, ulifichua makazi yaliyotangulia kwa karne kadhaa kuja kwa Wareno. Katika maeneo yote ya aina hii, vigae vingi kupita vyote ni vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa. Vya ng'ambo ni vichache, na vya Kichina ni sehemu tu ya hivyo vichache, pamoja na vya Uajemi na Arabuni. Sahani moja ya Uchina ilipita mikono mingi: bandari za Uhindi, Ghuba ya Uajemi, kisha majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi.

Mfano mzuri umo majini, mbele ya Ngome ya Yesu. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama hapo mwaka 1697, ilipokuja kuiokoa ngome iliyokuwa imezingirwa na Waomani. Ilipochunguzwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980, miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni kauri za Kichina. Vyombo vilifinyangwa Uchina, merikebu iliundwa Uhindi, bendera ilikuwa ya Ureno, maji ni ya Mombasa. Mtu akivitumia vyombo hivyo kuthibitisha kwamba Wachina walifika Mombasa mwaka 1697, atachekwa. Lakini hoja ya namna hiyo hiyo ikitumiwa kwa bakuli la karne ya 15, husikilizwa kwa heshima.

Lugha nayo inatoa ushahidi wake. Neno sinia, chombo ambacho hakikosekani katika karamu ya pilau Mji wa Kale, linatokana na neno la Kiarabu lililonyambuliwa kutoka Sin, yaani Uchina. Jina la Uchina liliingia jikoni mwa Mswahili likiwa limevaa nguo ya Kiarabu, sawasawa na vyombo vyenyewe.

Fahari hupenda pia kubahatisha maneno. Wapo waliodai kwamba jina Shanga, la mji uliohamwa katika kisiwa cha Pate, linatokana na Shanghai, na kwamba mji huo ulianzishwa na Wachina waliovunjikiwa na merikebu. Uchimbaji wa Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba Shanga ilianza katika karne ya 8 kama kijiji cha nyumba za udongo na makuti. Ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, wakati uleule ambapo simulizi hilo linataka ianzishwe. Simulizi la wazee wa Pate kuhusu mabaharia Wachina walionusurika ni urithi wao, nalo halistahili dhihaka. Kinachostahili kuhojiwa ni haraka ya wageni kuligeuza kuwa cheti cha nasaba. Utafiti wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, uliochapishwa mwaka 2023 na uliohusisha mifupa ya Mtwapa na Manda, ulieleza asili za Kiafrika, Kiajemi na Kihindi, na baadaye Kiarabu. Sarafu za Yongle zilizookotwa Mambrui na Manda nazo ni ushahidi wa sarafu kufika. Sarafu hupita mikononi mwa watu, na hufika hata pale ambapo mwenye kuifua hakufika.

Isidhaniwe kwamba Wachina ndio wa kwanza kutenda hivi. James Kirkman, aliyechimba Gede kisha akasimamia Ngome ya Yesu, alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 "The Arab City of Gedi", na kwa miongo mingi miji ya pwani ilihesabiwa kuwa kazi ya Waarabu katika ardhi ya Waafrika. Ilibidi wanaisimu na wanahistoria, wakiwemo Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, na Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1994, wamrudishe Mswahili katikati ya historia yake. Kenya nayo haijasalimika. Twiga wa Malindi sasa hutajwa kama balozi wa kwanza wa Kenya, ilhali mwaka 1415 hapakuwa na Kenya, na Malindi na Mombasa zilikuwa dola mbili zisizopatana.

Umebaki ushahidi mmoja unaoigusa Mombasa yenyewe. Ramani ya safari za Ming, iliyohifadhiwa katika kitabu cha Mao Yuanyi cha karne ya 17, imeandika Malindi na, karibu yake, jina linalosomeka Manbasa. Wenyeji walikuwa na majina yao. Muyaka bin Haji na washairi wenziwe waliuita mji huo Mvita, na pia Gongwa. Manbasa ni jina aliloliandika Ibn Battuta baada ya kupita kisiwani mwaka 1331, nalo ndilo lililokuwa vinywani mwa mabaharia wa Bahari ya Hindi. Yamkini mchora ramani Mchina alilipata kwa rubani wa Kiarabu, wa Kihindi au wa Kiswahili, na jina la rubani huyo halikuandikwa popote.