Dari ya Nyumba, Je, Yafaa Kulaliwa?

Si mara moja tumeulizwa na wenye nyumba wa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero: nafasi iliyo baina ya silingi na bati, ambayo hukaa bure mwaka mzima, haiwezi kufanywa chumba cha kulala? Swali hili si la anasa. Wasomaji wetu wanajua kuwa watoto wafikapo umri wa miaka kumi, mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yataka watengwe katika malazi. Basi baba mwenye wavulana wawili, wasichana watatu na vyumba viwili tu atafanyaje? Huinua macho akatazama juu.

Hivi karibuni tulialikwa katika nyumba moja mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, tuione dari yake kabla ya mbao kununuliwa. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, upana wake mita saba, imeezekwa bati, nayo ina ukuta wa kati unaoigawa pande mbili. Mwenyeji wetu alikuwa amekwisha patana na fundi, na azma yake ilikuwa kuwapandisha wavulana juu kabla ya Ramadhani.

Kwanza yafaa tuseme kuwa neno dari lenyewe limewapoteza wengi. Katika miji ya mwambao, kama Lamu na Unguja, dari ni sakafu ya juu. Boriti za mikoko zimelazwa karibu karibu toka ukuta hadi ukuta, mawe na chokaa vikamwagwa juu yake, na kuta zikafanywa nene ili zibebe mzigo huo. Kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vya kale vya huko vilikuwa vyembamba, upana wa mita tatu au pungufu. Aliyejenga alijua tangu msingi kwamba watu watapita juu. Dari zetu za bondeni sizo hizo. Hizi ni silingi nyepesi iliyopigiliwa misumari chini ya kenchi, wala haikukusudiwa kumbeba mtu. Wapangaji wake ni panya, na popo wasioalikwa.

Fundi alisimamisha ngazi nasi tukapanda nyuma yake. Harufu ya mavi ya popo ilitupokea mlangoni. Tukatazama kenchi: mbao mbili kwa nne, za mlalo, za mshazari na za wima katikati. Fundi akasema, "Maalim, hizi za katikati nitazikata, watoto wapate njia." Hapo hatukuweza kunyamaza. Kenchi ni mfano wa upinde. Ubao wa chini ndio kamba yake, huivuta miguu ya paa isitanuke, na mbao za katikati hugawana uzito wa bati na nguvu ya upepo. Ukikata moja, paa huanza kuketi kidogo kidogo na kuzisukuma kuta nje, na ukuta wa matofali usio na mkanda wa zege juu yake haustahimili kusukumwa. Ufa utaonekana baada ya masika mawili au matatu, fundi akiwa amekwisha kwenda zake.

Atakaye sakafu ya juu sharti alaze mihimili mingine mbali na kenchi, ipumzike juu ya kuta zenyewe. Kwa masafa ya mita tatu na nusu, kama pale, ubao wa mbili kwa nne hautoshi; wahitajika wa mbili kwa nane, mmoja kila sentimita 40, mkavu na uliotiwa dawa ya mchwa. Mafundi wazuri huhesabu kuwa sakafu ya chumba cha kulala yapasa iweze kubeba kilo 150 kwa kila mita moja ya mraba. Watoto wawili hawafiki uzito huo, lakini watoto hawalali tu, huruka pia.

Kisha tukapima kimo. Kutoka ubao wa chini wa kenchi hadi kwenye mwamba wa paa tulipata mita moja na sentimita 60. Ondoa unene wa sakafu mpya, na mvulana wa miaka kumi angesimama wima katika njia nyembamba ya katikati tu. Nyumba za nyasi za wazee wetu zilikuwa na paa la mwinamo mkali, zikaacha nafasi kubwa juu. Bati halihitaji mwinamo huo, nasi tumeridhika kuliweka chini ili kupunguza gharama.

Lakini lililotutia wasiwasi zaidi halikuwa kimo. Mwenyeji wetu alitwambia kwa furaha kuwa watoto watakaolala juu wataepukana na mbu. Maneno haya yana asili ya kweli. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba za majaribio, baadhi zikiwa za ghorofa, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kuwa mbu walipatikana wachache mno katika vyumba vya ghorofa. Walakini nyumba zile zilizibwa pande zote kwa nyavu. Dari ya kwetu ina mwanya wazi baina ya ukuta na bati, na mwanya huo ndio njia kubwa ambayo mbu wa malaria huingilia nyumbani. Jambo hili wanalijua vema wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo asili yake ni maabara iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950. Kumlaza mtoto pale juu kabla ya kuuziba mwanya ni kumlaza kizingitini mwa mbu. Na ukiuziba pasipo kuacha madirisha yenye wavu, joto la bati la mchana litabaki ndani, na mtoto atalitupa shuka na chandarua kabla ya usiku wa manane.

Dirisha nalo lina taabu yake. Mahali pekee pa kulitoboa palikuwa ukuta wa mashariki, unaotazama ua wa jirani ambamo wanawake hupika na kuoga watoto wao. Sitara ya jirani si mali yetu kuigawa.

Tuliposhuka tuliuliza kwa nini mlango wa chumba cha tatu umefungwa. Kumbe chumba kipo! Ndani yake mlikuwa magunia 20 ya mpunga. Fundi akauliza kama si afadhali magunia ndiyo yapande juu. Tukapiga hesabu: gunia moja kilo 80, yote kilo 1,600, yaani uzito wa watu wazima zaidi ya 20 wasioshuka usiku wala mchana. Hapana.

Mwenyeji alitueleza kuwa hakuuweka mpunga ule kwa ujinga. Wakati wa mavuno bei hushuka, naye husubiri ipande. Na baada ya mafuriko ya mwaka 2024 haachi chakula mahali ambapo maji yaweza kukifikia. Tukamshauri ajenge ghala dogo uani, sakafu yake iinuliwe kwa matofali, magunia yakae juu ya chaga, na wavulana wapewe chumba chao. Hakujibu. Alitazama silingi tena kama mtu aliyenyimwa kitu alichokwisha kukipenda.

Mama wa nyumba, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, ndiye aliyesema: "Fundi, ghala hilo litakula tofali ngapi?"

Fundi akachukua futi yake, akatoka uani kupima.