Programu za simu: Kwa nini mwanagenzi huanza na karatasi

WATU wengi wanaotamani kutengeneza programu za simu za mkononi hudhani kuwa kazi hiyo huanza kwa kuketi mbele ya kompyuta na kuandika mistari mirefu ya maagizo. Walimu wengi wa fani hiyo huanzia mahali pengine kabisa: kwenye karatasi na penseli.

Sababu yake ni gharama. Kosa likionekana kwenye karatasi hufutwa kwa dakika moja. Kosa hilohilo likigunduliwa baada ya programu kukamilika, huweza kumlazimu mtengenezaji kubomoa kazi ya wiki nzima.

Chukulia mfano wa mwanafunzi anayetaka kumwondolea mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa adha ya daftari. Kwanza huchora kila ukurasa wa simu kwenye kipande chake cha karatasi: orodha ya wanachama, mahali pa kuandika mchango wa wiki na mahali pa kuona nani anadaiwa.

Kisha mweka hazina huombwa aguse karatasi kana kwamba ni simu, naye mwanafunzi hubadilisha vipande kufuatana na kilichoguswa. Mweka hazina akisita akitafuta mahali pa kuandika faini, kasoro imekwishajulikana hata kabla kompyuta haijawashwa.

Kutoka karatasi hadi simu

Hatua ya pili ni kuitia michoro hiyo uhai. Miongoni mwa nyenzo zinazotumika sana madarasani ni App Inventor, iliyotangazwa na kampuni ya Google Julai 2010 na kuendeshwa tangu 2012 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, ya nchini Marekani. Nyenzo hiyo hutumiwa bila malipo kupitia intaneti.

Badala ya kuandika maagizo kwa lugha ya kompyuta, mwanafunzi huunganisha vipande vya rangi vinavyoshikana kama vile vya mchezo wa watoto wa kuunganisha picha. Kila badiliko huonekana mara moja kwenye simu iliyounganishwa na kompyuta, hivyo mfano wa majaribio hukua huku ukitazamwa.

Kupima kwa watu wengine

Mtengenezaji si shahidi mwema wa kazi yake, kwa kuwa anajua kila kitufe kilipo. Ndiyo maana programu hupewa watu ambao hawajapata kuiona, na mtengenezaji hutakiwa kunyamaza na kutazama bila kuelekeza.

Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, aliandika mwaka 2000 kuwa watumiaji watano hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Ushauri wake ni kupima kwa watu wachache, kurekebisha, kisha kupima tena kwa wengine.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Huduma ya M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya kuanzia 2005 kwa wateja wasiofika 500, ilikusudiwa kurahisisha malipo ya mikopo midogo. Majaribio yalionyesha kuwa wateja waliitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma fedha ndiko kulikotangulizwa.

Data hupotea wapi?

Wanagenzi wengi huanguka katika hatua ya tatu, ambayo ni kuhifadhi data. Mwanafunzi huandika michango ya wanachama 20, hufunga programu, na akiifungua tena hukuta orodha tupu. Alichofanya ni kuziweka data katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika programu inapofungwa.

Katika App Inventor, dawa yake ni sehemu iitwayo TinyDB, ambayo huhifadhi data ndani ya simu kwa mtindo wa kabati: kila droo ina lebo, na ndani yake kuna thamani moja. Hapo ndipo mtego mwingine ulipo. Mwanafunzi akitumia jina la mwanachama kuwa lebo, na kikundi kikawa na Asha wawili wenye jina la baba linalofanana, mchango wa Asha wa pili utafuta ule wa kwanza bila onyo lolote. Kwa hiyo kila mwanachama hupewa namba yake.

Hata hivyo, data iliyo ndani ya simu moja hupotea simu ikiibwa au programu ikiondolewa. Nakala ikiwekwa kwenye seva ya mbali, hatari hiyo hupungua, lakini huzuka swali la nani anaweza kuisoma. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kwa msingi huo, mwanagenzi hufundishwa kukusanya zile tu anazozihitaji.

Kabla ya kumkabidhi mweka hazina programu, jaribio la mwisho ni jepesi: andika michango, zima simu, iwashe, kisha linganisha hesabu na daftari. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, daftari lisitupwe.