Kibodi za gemu kwenda Burundi: Tazama herufi kabla ya taa

Kibodi ndogo za waya, zile zenye taa za rangi zinazopendwa na wacheza gemu, ni mzigo rahisi kubeba. Katoni moja huingiza nyingi na haziharibiki kirahisi njiani. Ndiyo maana humvutia mfanyabiashara anayenunua Kariakoo na kuvuka Kabanga na Kobero kwenda Muyinga, Gitega hadi Buraza. Lakini kibodi inayouzika haraka Dar es Salaam inaweza kulala dukani Gitega, na mtaji ukalala nayo.

Sababu ya kwanza ni mpangilio wa herufi. Tanzania, Kenya na Uganda zimezoea mpangilio wa Kiingereza, ambao mstari wa juu wa herufi huanza na QWERTY. Burundi, ambako shule na ofisi huandika sana Kifaransa, imezoea AZERTY. Hapo A imekaa penye Q, Z penye W, na M iko kulia kwa L. Tarakimu hupatikana kwa kushikilia Shift, kwa sababu mstari wake umebeba é, è, ç na à. Kiingereza kilifanywa lugha rasmi ya Burundi mwaka 2014, lakini aliyejifunza kuchapa kwa AZERTY habadilishi vidole kwa siku moja.

Kompyuta inaweza kupangwa iisome kibodi ya QWERTY kama AZERTY, ila maandishi ya juu ya vitufe hayatalingana na kinachotokea kwenye skrini. Anayeandika Kirundi au Kiswahili hahitaji herufi zenye alama, hivyo QWERTY inamtosha. Karani wa barua za Kifaransa atairudisha.

Sababu ya pili ni udogo wenyewe. Kibodi kamili ya mpangilio wa Marekani ina vitufe 104, na ya AZERTY 105. Ndogo nyingi zina 61 tu. Hazina safu ya F1 hadi F12, mishale wala vitufe vya hesabu vya upande wa kulia. Baadhi ya kazi hizo hupatikana kwa kubonyeza Fn pamoja na kitufe kingine. Mcheza gemu hufurahi kwa kuwa kipanya kinapata nafasi mezani, lakini mhasibu anayeingiza tarakimu siku nzima atateseka. Zaidi ya hapo, nyingi za vitufe 61 hazina kitufe cha < na >, ambacho kwenye AZERTY hukaa kati ya Shift ya kushoto na W.

Neno “mechanical” kwenye boksi lina maana kwa bei. Kibodi ya kawaida ina utando wa mpira chini ya vitufe vyote. Ya kimakanika ina swichi yenye springi chini ya kila kitufe, hivyo hudumu zaidi. Viwanda vingi vimefuata rangi za swichi za kampuni ya Cherry ya Ujerumani. Ya bluu hulia “klik”, ya kahawia huwa na kijigongo bila mlio huo, na nyekundu hushuka moja kwa moja. Kwa ofisi au chumba cha intaneti chenye watu wengi, bluu ni kelele.

Waya ni faida palipo na umeme wa shida. Kibodi haihitaji betri, hujilisha kupitia USB, na nyingi huruhusu taa kuzimwa ili betri ya laptopu isiishe mapema.

Mpakani, kibodi ziko kwenye fungu la 8471 la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambalo ushuru wake wa forodha ni asilimia 0. TVA na tozo nyingine hufuata sheria za Burundi. Cheti cha asili kilichorahisishwa hakitumiki kwa kibodi ya China. Hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Risiti ya dukani ibaki mkononi.

Kabla ya kulipia katoni, fungua boksi moja, soma mstari wa kwanza wa herufi, chomeka kibodi kwenye kompyuta na ubonyeze kila kitufe. Kisha mpigie mteja wa Gitega na umuulize jambo moja: wanunuzi wake ni wacheza gemu au makarani?