Ufunguo Mdogo kwa Mfanyakazi Mpya: Kuunganisha Wakala wa Akili Bandia na Ghala la Programu



Hapa Ziwa kila mtu anajua mambo ya stoo ya mahindi. Ukiandika mtu wa kukusaidia kazi, humpi funguo zote siku ya kwanza. Unampa ule wa chumba cha majembe. Ule wa magunia unabaki nao mwenyewe mpaka umjue vizuri. Si ndiyo?

Leo tunaongea juu ya mfanyakazi wa aina mpya. Vijana wetu wanaosomea kompyuta wanatuuliza: je, ni sawa kumuunganisha wakala wa akili bandia na mahali tunapoweka programu zetu? Jibu letu ni ndiyo, lakini apewe ufunguo mdogo. Hebu tueleze polepole.

JAMBO HILI LINATUHUSU VIPI?

Mwingine atasema, "Aah, hayo ni mambo ya Nairobi." Sivyo. Mnamo Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, si mbali na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Baadaye mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wenye virusi vya Ukimwi ulihitaji mfumo mkubwa zaidi. Mfumo uitwao OpenMRS ukaanza kutumika Eldoret Februari 2006, na leo unatumika katika nchi nyingi.

Msimbo wa OpenMRS, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya, umewekwa wazi kwenye GitHub. Kijana wa Ziwa anaweza kuusoma leo na kupendekeza marekebisho. Rekodi za wagonjwa haziko huko. Ni maagizo tu. Tofauti hiyo tuikumbuke, tutairudia.

GHALA NI NINI, NA HEWANI NI WAPI?

GitHub, iliyoanza 2008, ni ghala la msimbo. Inatumia chombo kiitwacho Git, alichokitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005. Uzuri wake ni kwamba kila badiliko linaandikwa: nani alibadilisha, lini, na alibadilisha nini. Mkikosea, mnarudi nyuma.

Lakini msimbo ukikaa ghalani haumsaidii mkulima. Lazima uwekwe hewani, kwenye seva, ndipo watu waufungue kwa simu. Kazi hiyo hufanywa na huduma kama Netlify, Vercel na Render. Mara nyingi huduma hiyo imefungwa moja kwa moja na ghala. Badiliko likiingia kwenye tawi kuu la msimbo, baada ya dakika chache liko hewani, watu wote wanaliona. Kwa hivyo mwenye ruhusa ya kuandika kwenye tawi kuu ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya magunia.

WAKALA ANAINGIAJE?

Programu ya kawaida ya akili bandia hujibu maswali tu. Wakala hutenda: anasoma mafaili, anaandika msimbo, anaujaribu, na akiruhusiwa anauweka hewani. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu uitwao MCP, ambao ni kama soketi ya stima: plagi ya namna moja inaingia kwenye vifaa vingi. Kwa njia hiyo wakala huunganishwa na GitHub na huduma nyingine.

Pamoja na soketi kunatakiwa tokeni. Siyo ile ya stima tunayonunua kwa simu. Hii ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, na yeyote aliye nayo anafunguliwa mlango. Mashine haiulizi wewe ni mtoto wa nani.

HATARI IKO WAPI?

Tuseme kikundi cha maziwa kina programu ya kuandika kilo ambazo kila mwanachama ameleta asubuhi. Malipo ya mwisho wa mwezi yanategemea kumbukumbu hizo. Wakala akirekebisha hesabu vibaya, au akifuta kumbukumbu za wiki mbili, mama aliyeamka saa kumi za usiku kukamua atalipwa nini? Msimbo unaweza kurudishwa kutoka Git. Kumbukumbu za maziwa haziko kwenye Git. Kama hamkuweka nakala, zimekwenda.

Jambo kama hilo limewahi kutokea. Julai 2025, huko Marekani, wakala wa huduma ya Replit alifuta hifadhidata ya mfanyabiashara mmoja iliyokuwa na kumbukumbu za wakuu wa makampuni zaidi ya 1,200, ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Kisha akasema haziwezi kurudishwa. Kwa bahati, zilirudishwa. Maagizo ya mdomo yalikuwepo. Kufuli ndiyo haikuwepo.

Tena kuna hatari ya pili. Wakala husoma maneno ya watu wengine na anaweza kuyatii. Mei 2025 watafiti wa usalama walionyesha kwamba mtu akiandika ujumbe wa hila kwenye ghala la wazi la GitHub, wakala anayeusoma anaweza kudanganywa atoe siri za ghala lililofungwa, mradi tu tokeni yake inafungua yote mawili.

TUFANYE NINI?

1. Tokeni iwe ndogo. GitHub hukuruhusu kuchagua ghala moja tu, kuchagua kusoma au kuandika, na kuweka tarehe ya kuisha. Anzeni na kusoma peke yake, kwa siku 30.

2. Fungeni tawi kuu. Wakala aandike kwenye tawi lake, halafu atoe ombi la kuunganisha. Binadamu asome, ndipo akubali. Akaunti za bure huwa na mipaka, kwa hiyo hakikisheni kufuli hiyo inafanya kazi kwenu.

3. Angalieni kwanza. Netlify na Vercel hutoa anwani ya majaribio kwa kila ombi. Ifungueni kwa simu, mpige hesabu ya mwanachama mmoja kwa mkono, mlinganishe.

4. Wakala asiguse kumbukumbu za kweli. Mpeni za majaribio, zenye majina ya kubuni. Nakala za zile za kweli zikae mahali ambapo tokeni yake haifiki.

5. Msiandike tokeni ndani ya msimbo. Ikivuja, kuifuta kwenye faili hakutoshi, kwa sababu Git bado inaikumbuka. Ibatilisheni, mtoe nyingine.

NANI ATAJIBU?

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anayekusanya majina na namba za simu za watu ana wajibu wa kuzilinda. Wanachama wakija kuuliza pesa zao, hatuwezi kusema, "Ni kompyuta ilifanya." Mashine haitasimama mbele ya mkutano. Tutasimama sisi.

Kwa hivyo vijana, msiogope chombo hiki. Kitawapunguzia kazi nyingi, na mtajifunza kwa kusoma anachoandika. Ila msikubali badiliko ambalo hakuna hata mmoja wenu anayeweza kulieleza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

– Ni nani kati yetu ana tokeni na nywila za kikundi sasa hivi? Akihama, tutajuaje?

– Kumbukumbu zetu zikifutika leo usiku, nakala iko wapi?

– Ni nani atakayesoma kazi ya wakala kabla haijaenda hewani?

Kama swali la kwanza limewashinda, anzeni na hilo kabla ya kumuunganisha wakala yeyote.